Mjadala: Kujiamini mbele ya kamera kunatosha kumfanya mtu mtaalamu wa biashara?

Wakuu, salaam. Nauweka msimamo wangu mapema ili anayepinga ajue anapinga nini.

Mimi ni mhasibu, na wateja wangu wengi ni wenye maduka Kariakoo. Siku hizi mteja anakuja na simu mkononi: "Sikiliza huyu bwana anavyosema." Namsikiliza. Suti kali, taa nzuri, hagugumizi hata mara moja. Anasema faida ikifika milioni 100 lazima ujisajili VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. Hapo kuna makosa mawili ndani ya sentensi moja. Kinachoangaliwa ni mauzo ghafi, yaani mauzo kabla ya kutoa gharama, si faida, na tangu Julai 2023 kiwango ni milioni 200 kwa mwaka. Mwenye duka anayekodolea faida macho anaweza kuvuka kiwango bila habari, kisha akadaiwa kodi ambayo hakuwahi kuwatoza wateja wake. Pesa hiyo inatoka kwenye mtaji.

Wapo wanaotaka serikali iwabane hawa kwa leseni. Wapo wanaosema mjuzi wa kweli hahitaji video, kizuri chajiuza. Nawapinga wote. Uwanja tumeuacha wazi sisi tunaoijua kazi, kwa kuogopa kamera. Anayejua anaona kila mahali anapoweza kukosea, ndiyo maana anasita. Asiyejua haoni kitu, anatiririka tu.

Na hofu hiyo inatibika. Dada mmoja tunayefanya naye kazi, mwenye cheti chake cha uhasibu cha CPA, alijirekodi akijitambulisha. "Karibuni, mimi ni mtaalamu wa..." Sauti ikakauka, macho yakakimbilia ukutani. Tukamwambia utambulisho auache kabisa. Akachukua kaunta buku la mama lishe mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, na kalamu nyekundu. Simu ikaelekezwa kwenye karatasi badala ya usoni. Mchele, maharage, mafuta, vitunguu, bodaboda ya kutoka sokoni. Halafu akauliza: mkaa uko wapi? Na wewe unayeamka saa kumi alfajiri, ujira wako umeandikwa ukurasa gani? Alipofika hapo ilikuwa ile sauti tunayoisikia ofisini kila siku, mpaka anagombeza. Kujiamini kulikuja alipoacha kujieleza yeye na kuanza kueleza kazi. Karibuni.

MSTAAFU WA BENKI, TANGA
Kijana wangu, umesema vizuri lakini unawaamini watu mno. Video nzuri ya yule dada itatazamwa na wachache, ya mwenye suti itatazamwa na maelfu. China ilitoa kanuni mwaka 2022 kwamba anayezungumzia fedha, tiba, sheria au elimu kwenye matangazo ya moja kwa moja awe na sifa za fani hiyo. Uingereza nako, mwaka 2024, FCA, mamlaka yao inayosimamia huduma za fedha, iliwafungulia mashtaka watu tisa kwa mpango wa biashara ya fedha za kigeni ulionadiwa Instagram, wakiwamo nyota wa vipindi vya televisheni. Hao walikosa kujiamini? Mimi nataka cheti kionekane kwenye kila video. Nimewaona watu wakichukua mkopo kwa ushauri wa mtu wasiyejua hata anaishi wapi.

MUUZA MITUMBA, MWANZA
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kwenye cheti mnaniua. Mimi niliishia darasa la saba. Nafungua belo mbele ya kamera, nahesabu pisi moja moja, nzuri huku, mbovu kule, naonyesha nimenunua bei gani na zile mbovu zimenila kiasi gani. Wanaoanza wanajifunza. Chuo gani kinatoa cheti cha kufungua belo? Hiyo sheria ikija, mwenye suti atakinunua hicho cheti, mimi nitanyamazishwa.

MKAGUZI WA HESABU, NAIROBI
Mnaizungumzia hofu kama kitu cha mazoezi tu. Mwanamume akikosea tarakimu anasahihishwa tarakimu. Mimi nilieleza kodi vizuri kabisa, majibu yakawa ni nywele zangu na mwili wangu. Wenzangu waliobobea kunishinda wamekataa katakata kuonekana, na siwezi kuwalaumu.

MLETA MADA
Mzee wangu, shikamoo. Tutenganishe vitu viwili. Anayewaambia watu wampe pesa akawekeze, au anayeshauri hisa kwa malipo, sheria ya kumbana ipo tayari: hapa Tanzania anatakiwa leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana. Huyo abanwe, tena leo. Lakini anayefundisha kuandika mauzo na matumizi ni mwalimu. Leseni za jumla tumeshazionja: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka leseni ya sh. 1,000,000, na kila mwaka ada ya kiasi kama hicho, mbali na ada ya maombi. Wapo wanablogu walioacha kuandika kwa sababu hiyo. Tapeli haoni tabu kulipa, anajua atairudisha kwa wiki.

Ndugu yangu wa Mwanza, wewe kwangu ni mtaalamu, kwa sababu belo liko wazi na hata hasara unaionyesha. Ningependa kila anayefundisha biashara atoe kitu cha namna hiyo: kitabu, risiti, bidhaa, hesabu ambayo mtazamaji anaweza kuirudia nyumbani kwake akaona kama inakubali.

Dada wa Nairobi, umegusa jambo ambalo sina jibu lake kamili. Kuelekeza simu kwenye karatasi kunasaidia kidogo, ila si haki mwanamke ajifiche ndipo asikilizwe. Wanaume tunaofuatilia video hizo tuwakemee wanaotukana palepale, hadharani, tusipite kimya.

Linabaki moja nataka tulijadili. Video za zamani zenye kiwango cha milioni 100 zilikuwa sahihi zilipotoka, na bado zinazunguka. Mwenye video aifute, au aandike juu yake kwamba sheria imebadilika? Mimi nasema aifute, hata kama ndiyo iliyomletea wafuasi. Mnasemaje?