Kaka anakwenda Cape Town kwa gari, Mama halali. Naombeni ushauri

BintiBombo
Wana jukwaa, assalaam aleikum. Kuna jambo linaninyima raha.

Kaka yangu na mkewe waliondoka Kampala wiki mbili zilizopita na Land Cruiser yao ya zamani, wanakwenda mpaka Cape Town. Waliingia Tanzania kwa Mutukula, wakapita Biharamulo, Singida na Dodoma, wakashuka Iringa na Mbeya, wakavuka Tunduma kuingia Zambia. Sisi huku Bombo tunasafiri nao kwa simu. Kila jioni wifi hutuma picha na sauti kwenye kundi la familia. Mama alininunulisha ramani ya Afrika, ile ya kubandika darasani, akaitandika juu ya meza ya sebuleni. Kila mji wanaolala anauwekea punje ya haragwe, nambale nyekundu anazochagua mwenyewe kwenye ungo. Hakuna ruhusa ya kuweka kikombe kwenye meza ile.

Mpaka Mbeya ilikuwa furaha tupu. Wifi alipotuma video ya bwawa la Mtera, Mama alinirudishisha mara sita.

Shida imeanza Zambia. Siku ya kwanza kaka aliwasha ile huduma ya WhatsApp ya kuonyesha mahali ulipo, tukawa tunaona kialama kinatembea. Saa kumi na mbili jioni kikapotea. Mama akasema hiyo ni ajali. Alikaa mkekani na tasbihi mpaka saa tano usiku, kaka alipopiga.

Sasa lililonileta. Juzi kaka alinipigia mimi peke yangu. Springi ya nyuma imekatika kabla ya kufika Mpika, wamevutwa hadi mjini, wanasubiri nyingine kutoka Lusaka. Hakuna aliyeumia. Akaniomba Mama asijue. Nikamwambia Mama kwamba wamepumzika. Lakini haragwe limekaa Mpika usiku wa tatu huu, na jana posho yake aliirudisha jikoni kama ilivyokuja. Ana presha.

Tena, marehemu baba alikuwa mwanajeshi. Mama amewahi kukaa miezi bila barua, na kila akiuliza anaambiwa "amepumzika tu, yuko salama", kumbe yuko hospitali. Nilipotamka "wamepumzika" niliona uso wake ukibadilika.

Nimwambie? Na je, nimwombe kaka atume habari kila baada ya saa mbili tatu?

MkeWaDereva (Malaba)
Pole sana dada. Mume wangu anavuta trela, Mombasa mpaka Juba, mwaka wa kumi na moja huu.

Mwambie Mama. Mimi niliwahi kufichwa. Gari lilikwama ng'ambo ya Nimule siku nne, shemeji zangu wote wanajua, mimi nikasikia sokoni kwa muuza nyanya. Baada ya hapo hata wakiniambia "amefika salama" nilikuwa siwaamini. Ilichukua muda mrefu kuisha.

Habari za kila saa usiziombe. Dereva akijua kuna mtu analia nyumbani, atashika simu akiwa kwenye usukani. Sisi tuna meseji mbili tu kwa siku. Asubuhi: "natoka hapa, nalala pale." Jioni: "nimefika." Ya asubuhi ndiyo kubwa, kwa sababu ya jioni ikikosekana najua nianze kutafuta wapi na nimpigie nani. Usiku mmoja wa kimya navumilia. Wa pili naanza kupiga simu. Tulikubaliana hivyo kabla hajaondoka, si baada.

KijanaJinja
Mimi naona usimwambie. Springi itafungwa kesho kutwa, wataendelea, yataisha. Presha ya mzazi haichezewi.

Nesi_Arua
KijanaJinja, nakuelewa, lakini mama huyu tayari halali wala hali. Presha haitashuka kwa hali hiyo. Ila dada, usimwambie usiku. Subiri asubuhi, akishakunywa chai na kumeza dawa zake, kisha mpigie kaka aongee naye mwenyewe. Sauti ya mwanawe itafanya kazi ambayo maneno yako hayawezi.

Mzee_Usukani (Masaka)
Binti yangu, njia hiyo nimeiendesha miaka mingi na malori. Mkalie Mama kwenye hiyo ramani yake umweleze haya.

Kutoka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, sehemu kubwa ni pori. Mtandao uko mijini. Katikati unaendesha muda mrefu simu haina hata mstari mmoja. Wengi pia hununua laini ya Zambia mpakani, basi ya Uganda ukiipigia haipatikani. Kwa hiyo kimya cha mchana kisimtishe.

Halafu saa. Ukivuka Tunduma, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Kaka akisema atafika saa kumi na mbili jioni, kwenu Bombo ni saa moja usiku. Saa hiyo moja imewatesa wake wa madereva wengi.

Na kialama kilichopotea: huduma ile haizidi saa nane tangu uiwashe, inajizima yenyewe. Bila shaka kaka aliiwasha saa nne asubuhi za huku.

Mpika si porini. Ni mji wa reli ya TAZARA, karakana yake iko pale pale, mafundi wa chuma wapo. Kama kuna mahali pa kukatikia springi, heri hapo.

Kaka mwambie jambo moja tu, asiendeshe usiku. Kuna malori yasiyo na taa, kuna ng'ombe, na Botswana, kutoka Kazungula hadi Nata, kuna tembo barabarani. Tembo gizani humwoni mpaka umemfikia.

BintiBombo
Shikamoo mzee, na asanteni nyote.

Nimemwambia leo asubuhi baada ya chai. Hakulia. Aliuliza, "Springi ya upande gani?" Tukampigia kaka kwa video, akageuza simu, Mama akaona vipande viwili vya chuma chini kwenye mchanga, na fundi mwenye mikono myeusi kwa grisi akampungia. Mama akamsalimu kwa Kiswahili na fundi akajibu! Baadaye akaniambia, "Sasa nikiomba dua najua naomba nini." Mchana amekula.

Amenikemea pia kwa kumdanganya. Nimeomba radhi. Kaka amekubali meseji mbili, ya asubuhi na ya jioni.

Mzee, swali moja la Mama mwenyewe. Ameona mto Zambezi kwenye ramani pale Kazungula, na maji anayaogopa kuliko pori. Wanavuka kwa kivuko?

Mzee_Usukani (Masaka)
Marahaba binti. Zamani ilikuwa pantoni, na malori tulipanga foleni siku nyingi. Tangu Mei 2021 kuna daraja, mita 923, limepinda kama upinde ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Gari dogo linapita juu kwa dakika chache. Mwambie haragwe la hapo aliweke katikati ya mto bila hofu. Na saa msizibadilishe tena, kutoka Zambia mpaka Cape Town ni ile ile.