Hamkuoana, mmeachana, uko Ujerumani: mtoto ni wa nani?

Mpwani wa Bremen
Wakuu, naleta hoja. Kuna jamaa yetu hapa, Mtanzania, kaishi na Mjerumani bila ndoa, wakapata binti. Sasa wameachana. Jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa, naye siku zote alijua hilo linatosha. Mama kahamia jimbo la Bavaria na mtoto, jamaa kaja kugundua kwa barua. Kaenda Jugendamt, wale wa ustawi wa watoto, kaambiwa kukiri ubaba ni jambo moja na ulezi ni jambo lingine. Ili awe na ulezi ilibidi yeye na mama watie saini tamko la pamoja. Hawakutia, kwa hiyo mlezi kisheria ni mama peke yake, na kuhama hakuhitaji ruhusa ya mtu. Swali langu: ni haki mwanaume awe baba wa kulipa matunzo lakini si baba wa kuamua? Kwa nini asipate ulezi moja kwa moja kama aliyeoa?

Kijiti
Angeoa.

Ngosha Ughaibuni
Kijiti, hilo jibu la kijiweni. Karibu theluthi ya watoto Ujerumani wanazaliwa nje ya ndoa, na Wajerumani wenyewe wamelia na sheria hiyo hiyo. Zamani ilikuwa mbaya zaidi: mama akikataa, imeisha, hakuna korti ya kukusikiliza. Mjerumani mmoja akapeleka kesi Strasbourg, na Desemba 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema huo ni ubaguzi dhidi ya mababa wasiooa. Mwaka uliofuata mahakama yao ya katiba nayo ikasema vivyo hivyo. Tangu Mei 2013 baba anaweza kuomba ulezi wa pamoja korti ya familia, na mama asipotoa sababu ya maana, korti inachukulia kwamba ulezi huo haumdhuru mtoto. Jamaa aache kulia, apeleke maombi.

Mama Wawili
Ngosha umeeleza vizuri, ila kuna kitu hamsemi. Mbona wengi wenu hamkumbuki ulezi mpaka kibali cha kuishi kikaribie kuisha? Nimekaa kwenye hizo ofisi nikitafsiri. Baba hajui mtoto anavaa kiatu namba ngapi, lakini kifungu cha kibali anakitaja kwa namba yake.

Ngosha Ughaibuni
Haya, tumeshakuwa wezi wa karatasi. Dada, umewatafsiria wangapi mpaka useme "wengi wenu"?

Mama Wawili
Wa kutosha.

Mpwani wa Bremen
Jamani swali lilikuwa ulezi.

Kijiti
Hapo kwenye kibali ndipo penye utamu. Nasikia ukizaa na Mjerumani hufukuzwi tena, ni kweli?

Ngosha Ughaibuni
Si kama unavyolisikia. Mzazi mgeni wa mtoto Mjerumani anapewa kibali ili amlee huyo mtoto. Ambaye hana ulezi anaweza kupewa iwapo wanaishi kweli kama baba na mwana, wanaonana, anahusika. Ndiyo maana ulezi na kibali vinatajwa pamoja, ni sheria yao wenyewe iliyovifunga kamba moja. Halafu mtu akivitaja pamoja anaitwa tapeli.

Mama Wawili
Matapeli wapo, na serikali inawajua. Mwaka 2017 walipitisha kifungu kinachomruhusu ofisa kusimamisha kukiri ubaba akiona dalili kwamba lengo ni kibali. Hawakukitunga kwa sababu ya watu wa kwenye sinema.

Ngosha Ughaibuni
Na Mjerumani akikiri ubaba wa mtoto wa mwanamke mgeni ili huyo mwanamke apate kibali? Kifungu hicho hicho kinawahusu nao. Ila hapa tapeli lazima awe mwanaume mweusi.

Dereva wa Usiku
Nilikuwa nasoma tu, ila hilo la kiatu limenigusa. Mimi nilipangiwa kumwona mwanangu chini ya usimamizi kwa sababu mama yake alidai nitamtorosha. Chumba kina zulia lililochorwa barabara, boksi la vigari ambavyo kila kimoja kimekosa gurudumu, na dada mmoja kwenye kiti cha pembeni na daftari lake. Mtoto akajigonga kwenye kona ya meza, nikamwambia, "Pole baba, njoo." Yule dada akanyanyua kichwa: tafadhali ongea lugha ninayoielewa. Kijerumani changu nimekiokota ghalani. Najua kusema beba, weka, haraka, angalia kichwa. Basi nikambembeleza mwanangu kwa hayo, naye ananitazama kama msimamizi wa zamu. Muda ukiisha wanamvalisha wao viatu mlangoni. Hiyo namba ningeiona saa ngapi, dada?

Mama Wawili
Pole sana kaka, kwa moyo wote. Sikukusema wewe. Ila hofu ya kutoroshwa haikuanguka toka juu. Kuna Mkataba wa The Hague wa 1980 wa kurudisha watoto waliotoroshwa. Ujerumani imo, Tanzania haimo, Kenya haimo. Mtoto akishashuka Dar, huyo mama hana njia ya haraka ya kumpata, ni kuanza kesi ugenini kama mtu mwingine yeyote. Jaji wa familia analijua hilo, na ndiyo maana anakaza.

Dereva wa Usiku
Kwa hiyo mimi naadhibiwa kwa saini ambayo serikali yangu haijaweka.

Wa Kajiado
Kenya imeingiaje hapa jameni? Sisi katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema wazi baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Wazi! Na Sheria ya Watoto ya 2022 ikarudia. Ujerumani ndiyo ije Nairobi isome.

Binti Pangani
Imeandikwa wajibu, ndugu yangu, usisome haki peke yake. Nenda mahakama ya watoto uone benchi limejaa akina mama wanaowatafuta hao wenye wajibu sawa.

Wa Kajiado
Nyinyi Watanzania hata kuandika hamjaandika.

Binti Pangani
Tumeandika, tena mapema. Tamko la sheria za mila la 1963, Tangazo la Serikali namba 279: mwanaume ambaye hajamwoa mama anaweza kumhalalisha mtoto kabla hajaachishwa ziwa kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100. Babu anapokea noti, mtoto anahama ukoo. Sasa mniambie mwanamke wa Bavaria amekosa nini kuwa na tahadhari na sisi.

Kijiti
Shilingi mia?! Kumbe nimechelewa.

Maalim wa Ngamiani
Kwetu Waislamu mtoto wa nje ya ndoa nasaba yake ni kwa mama. Mjadala umefungwa.

Ngosha Ughaibuni
Maalim, mjadala wa jaji wa Munich huko Bavaria haufungwi Tanga. Na Binti Pangani usitishe watu kwa tamko la enzi za Nyerere, kuna Sheria ya Mtoto ya 2009. Mzazi au hata mtoto mwenyewe anaenda kortini kuomba ubaba uthibitishwe.

Binti Pangani
Enzi za Nyerere halafu? Mzee wangu hadi leo anasema "tulipe mia yetu tumchukue mtoto". Anamsema mpwa wangu wa darasa la nne, huyo ziwa kaliacha lini! Sheria mnaisoma nyie, vikao vya ukoo vinasoma mila.

Wa Kajiado
Mia ya Tanzania hata chapati hainunui.

Kijiti
Hiyo ni mia ya 1963 wewe, ilikuwa hela. Waliolipa mahari zamani hizo waje watupe uzoefu.

Maalim wa Ngamiani
Mahari ni haki ya mke, si bei ya mtoto. Msichanganye.

Binti Pangani
Maalim, kwenu mahari anakabidhiwa nani mkononi? Jibu kwa ukweli.

Mpwani wa Bremen
Jamani. Mada. Kuna mtu kaniuliza pembeni kama jamaa agome kulipa matunzo mpaka aonyeshwe mtoto.

Mama Wawili
Asithubutu. Akigoma, Jugendamt inamlipa mama kwa niaba yake kisha inamfuata yeye, deni linakaa. Na huko kumwona mtoto hakuuzwi kwa matunzo, ni mambo mawili mbali. Sheria yao inasema ni mtoto mwenye haki ya kuonana na wazazi wote wawili, hata yule asiye na ulezi, na mama kuhama mji hakuifuti. Kwa hiyo aombe mawili: utaratibu wa kumwona mtoto, na ulezi wa pamoja. Mpwani, keshapeleka maombi?

Mpwani wa Bremen
Bado. Anasema anasubiri kwanza kibali kitoke.

Mama Wawili
Hahahaha. Mmesikia wenyewe.

Ngosha Ughaibuni
Tumesikia nini? Kibali kikikataliwa, kesi ya Bavaria ataifuatilia akiwa Mwanza?

Mama Wawili
Ngosha, kila mwezi anaosubiri binti anazidi kuzoea kuishi bila yeye, na hicho ndicho kitu cha kwanza jaji atakachouliza: ulikuwa wapi? Tena ofisi ya kibali nayo itauliza hilo hilo. Maombi ya kumwona mtoto ndiyo yanayomsaidia pande zote mbili, anayakalia ya nini?

Dereva wa Usiku
Kwa hilo nakubaliana na dada. Mpwani, mwambie aende wiki hii, na aombe mkalimani korti mapema. Asiende na Kijerumani cha ghalani kama mimi.

Kijiti
Maalim hajajibu nani anashika mahari.