Moshi wa jikoni kwa Bibi

*Asha:* Shikamooni wote. Mjomba Saidi, kesho tuna mtihani wa jiografia. Ikweta mgandamizo wa hewa ni mdogo kwa sababu ya joto, hapo sawa. Sasa latitudo nyuzi 30, kwenye Sahara, joto lote lile mbona mgandamizo ni mkubwa? Nimekwama tangu mchana.

*Mama Asha:* Marahaba mwanangu. Mimi nilikariri tu, sikuwahi kuelezwa.

*Mjomba Saidi:* Marahaba mpwa wangu, umeuliza swali zuri sana. Unakumbuka jiko la kuni la Bibi kule Pangani? Moshi ulikuwa unaenda wapi?

*Asha:* Juu, unafika kwenye makuti, unasambaa, halafu unashuka kandokando ya kuta. Anayekaa ukutani ndiye anayetoka machozi.

*Bibi:* Ndiyo maana nilikuwa nawaambia mkae mlangoni.

*Mjomba Saidi:* Basi ikweta ndiyo mafiga yetu. Hewa inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Chini panabaki mgandamizo mdogo.
Ikifika kama kilomita 16 inakuta dari: tabaka la juu yake lina joto zaidi, haipandi tena. Inasambaa kaskazini na kusini.

*Asha:* Mbona haifiki mpaka ncha za dunia?

*Mjomba Saidi:* Dunia inazunguka. Ikweta ardhi inakwenda mashariki kama km 1,670 kwa saa, nyuzi 30 kama 1,450. Hewa imetoka na kasi ya ikweta, kwa hiyo inaitangulia ardhi, inapinda mashariki. Huku inapoa. Inarundikana na kushuka.
Sasa sikiliza hapa. Hewa ikishuka inagandamizwa, inapata joto, inakauka, mawingu hayaundiki. Jua la Sahara linachoma kwa sababu halina wingu la kulizuia. Joto lile ni matokeo, usilifanye chanzo.

*Juma:* Na nyuzi 60, mjomba?

*Mjomba Saidi:* Sehemu ya hewa iliyoshuka 30 inaelekea 60, inakutana na baridi inayotoka ncha. Yenye joto ni nyepesi, inapanda juu ya mwenzake, mgandamizo unapungua. Kwenye ncha ni baridi tupu, hewa nzito imelala chini, mgandamizo mkubwa.

*Mama Asha:* Kumbe! Na masika yetu yanaingia wapi hapo?

*Mjomba Saidi:* Mikanda inalifuata jua, dada. Ule ukanda mvua wa ikweta unatupitia ukipanda kaskazini, ndiyo masika. Ukirudi kusini, vuli.

*Bibi:* Na kusi?

*Mjomba Saidi:* Kusi, mama, linatoka kwenye mgandamizo mkubwa wa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene. Hewa inakimbilia palipo pungufu.

*Bibi:* Limevuma tangu juzi. Ngalawa zote zimevutwa juu mchangani.

*Asha:* Asante sana mjomba. Nafuta mchoro wangu nianze upya, mishale ya nyuzi 30 nilikuwa nimeielekeza juu.