Ushauri: Nimemweka mtu wa kweli wa historia na zimwi kwenye riwaya moja, sasa nimekwama

KalamuButu (mleta uzi):
Wakuu habari za usiku. Mnivumilie uzi ni mrefu kidogo. Naandika riwaya, ni ya kwanza, nina miaka miwili nayo na nimebakiza sura mbili tu. Ni ya kutisha ila imekaa kwenye historia ya kweli, enzi za Mjerumani, kuna mtemi mmoja alipigana nao na kuna kiumbe kinatembea usiku. Shida ni kwamba huyo mtemi aliishi kweli, ana ukoo, ana kaburi. Nibadilishe jina au niache lilivyo? Na nikibadilisha si msomaji atamjua tu? Silali wakuu, saa nane usiku nafungua laptop naangalia ukurasa wa kwanza nafunga. Naomba ushauri wa kujenga, kejeli siyo lazima.

Mchonga Meno:
Wa kwanza kufika. Kiti nimeshaweka.

Mzee wa Mafaili:
Mtemi gani? Waliomsumbua Mjerumani siyo mmoja. Kuna Isike wa Unyanyembe aliyejilipua na baruti yake 1893, kuna Mangi Meli aliyenyongwa Moshi 1900, kuna Mkwawa wa Wahehe. Kila mmoja ana kesi yake na ukoo wake. Huwezi kwenda kwa daktari ukamwambia naumwa halafu usiseme wapi.

KalamuButu:
Mkuu kwa sasa naomba nisimtaje, ni usalama wa kazi tu, watu wanaiba mawazo humu.

Dada Mkavu:
Hakuna mwenye shida na zimwi lako kaka. Taja.

Mama Tindo:
Mwanangu mimi ushauri wangu weka mumiani. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiliona gari la zimamoto anatuvuta sote ndani na mlango anafunga, anasema wale hawazimi moto wale wanakusanya damu za watu wanampelekea mzungu. Tulikuwa tunacheka sana. Siku nimelazwa uzazi wa pili nikapungukiwa damu, ndugu wote wakaja kuchangia, yeye akakaa kwenye benchi nje kashika mkoba kwa mikono miwili anaangalia wale wa maabara wanaingia na chupa wanatoka, hakusema neno hadi jioni. Alipoingia akaniuliza jambo moja tu, "wamekurudishia yote?" Kwa hiyo mumiani ni mtamu kwenye hadithi kwa sababu watu waliamini kweli na walikuwa na sababu ya kuamini, mkoloni alikuwa anawanyonya. Hata mtoto wangu wa pili mwenyewe ana damu nzito sijui ndiyo hiyohiyo ya kuchangiwa 😂

KalamuButu:
Asante mama, ila mumiani hatanifaa, zimwi langu tayari lipo.

MwalimuWaFasihi:
Hili swali siyo jipya. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile (1969) alieleza mapema kwenye utangulizi kwamba huyo mtu wake ni wa kubuni, anafanana kwa matendo na yule Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa vita vya Majimaji aliyenyongwa Agosti 1905, lakini siyo yeye. Na mle ndani mna Hongo, yule pepo wa mtoni, mna mtu kuingia mtoni, mambo yasiyo ya kawaida yamejaa, na hakuna aliyelalamika. Kwa nini? Kwa sababu Hongo hakumzulia. Watu wa Rufiji wenyewe ndio walisimulia kwamba mtu alizama mtoni akatoka kesho yake nguo kavu. Kwa hiyo swali langu kwako ni moja, hicho kiumbe umekitoa kwao au umekitoa kichwani mwako ukawabandika?

Mtumishi wa Shambani:
Wafu waacheni wapumzike. Vijana mnaamsha roho halafu mnakuja kuombewa. Mimi nimeona kijana aliyeandika mambo ya majini akapotea akili kabisa, mpaka leo anaokota makopo.

Mchonga Meno:
Huyo si aliandika mtihani wa hesabu?

KalamuButu:
Haya wakuu, nimeona kuficha hakusaidii. Ni Mkwawa.

Mzee wa Mafaili:
Nilijua. Endelea.

KalamuButu:
Wazo lilinijia hivi. Julai 1898 anajipiga risasi kule Mlambalasi asikamatwe. Kichwa kilikuwa kimewekewa zawadi ya rupia 5000, yule Mjerumani aliyemkuta akakikata, kikapelekwa Ujerumani. Mwili ukabaki. Sasa mimi nikajiuliza, huo mwili ulifanya nini miaka yote hiyo? Ndiyo riwaya yenyewe. Mwili unaamka unatembea usiku Uhehe yote unatafuta kichwa chake. Nikiufikiria mpaka sasa nywele zinasimama.

Dada Mkavu:
Dah. Hapo nimekuelewa.

Mzee wa Mafaili:
Wazo lina nyama, nakupa haki yako. Na una vitu vya kweli vya kushika kuliko unavyodhani. Mkataba wa Versailles 1919, kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani miezi sita wakabidhi fuvu, kifungu hichohicho kina na Qurani ya Khalifa Othman. Miezi sita ikaja kuwa mpaka 1954. Gavana Twining wa Tanganyika akaenda Bremen, Ujerumani, akakuta makumbusho ina mafuvu 2000, 84 kati yake yameandikwa yametoka Afrika Mashariki ya Mjerumani, wakapima wakalinganisha na vichwa vya ndugu wa ukoo walio hai, wakachukua lenye tundu la risasi. Likakabidhiwa kwa mjukuu wake Chifu Adam Sapi, huyohuyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Wapo wanahistoria hawajaridhika mpaka leo kama ni lenyewe. Na hata kama ni lenyewe, fuvu lipo Kalenga, kaburi lipo Mlambalasi. Yaani mpaka tunavyoongea kichwa na mwili haviko pamoja. Mimi ningekuwa wewe ningeandika hapo.

Mngoni Mtani:
Sisi Wangoni tulipigana nao hao hata kabla Mjerumani hajaja na leo ni watani wetu, kwa hiyo kwa niaba ya watani natoa ruhusa, andika tu. Ila lisivuke kuja Songea, sisi tuna ya kwetu ya Majimaji ya 1906 yanatutosha.

Dada Mkavu:
Kalamu swali dogo. Huo mwili ukitembea usiku unafanya nini? Unatafuta tu?

KalamuButu:
Unatafuta, na njiani kuna mambo.

Dada Mkavu:
Mambo gani?

KalamuButu:
Ni zimwi dada, zimwi linafanya ya zimwi.

Dada Mkavu:
Linakula watu?

KalamuButu:
Linachukua vichwa. Linajaribisha. Ndiyo. Lakini ni ishara, siyo kwamba namdhalilisha.

MwalimuWaFasihi:
Vichwa vya nani? Vya Wajerumani?

KalamuButu:
Mwanzoni vya Wajerumani, kama sura tatu. Halafu wanaisha, mjue Uhehe Wajerumani hawakuwa wengi kiasi hicho. Kwa hiyo inabidi vya wanakijiji.

Mchonga Meno:
Kumbe tatizo ni upungufu wa malighafi 😂😂

MwalimuWaFasihi:
Kwa hiyo mtu aliyejiua ili asiwe mateka, wewe umemfufua aje kukata vichwa vya watu wake mwenyewe. Hapo ndipo ulipokwama, jina halihusiki.

KalamuButu:
Mwalimu naheshimu, ila mbona wenzetu wanafanya na hakuna anayelia? Kuna riwaya ya Marekani ya 2010 imemweka Abraham Lincoln anapambana na wanyonya damu, 2012 ikawa filamu kabisa, na yule alikuwa rais. Sisi tukigusa wetu inakuwa dhambi. Ndiyo maana hatuendi mbele.

Dada Mkavu:
Lincoln wamempa shoka awinde. Wewe Mkwawa umempa njaa. Ni vitu viwili hivyo.

Baharia Mstaafu:
Niliwahi kushuka bandari ya Constanta, Romania, miaka ya nyuma. Kulikuwa na mzee pale bandarini anauza vikombe vyenye sura ya yule Dracula, meno nje. Nikamwuliza kwa kimombo chetu cha baharini, huyu jamaa wenu vipi? Akakasirika na vikombe anavyouza mwenyewe! Akasema huyo ni Vlad, alikuwa mtawala wa Wallachia karne ya 15, alipigana na Waturuki, ni shujaa wetu, halafu akaja Mwairishi mmoja 1897 akachukua jina akalitia kwenye hadithi yake ya mnyonya damu na sasa dunia nzima ndiyo inajua hivyo. Vlad mwenyewe alikuwa mkatili, watu alikuwa anawatundika kwenye miti iliyochongwa, wala sisemi alikuwa malaika. Ila yule mzee alisema neno, kwamba Mwairishi hakuwahi kukanyaga Romania. Nikanunua viwili, kimoja kilivunjika melini.

KalamuButu:
Mimi Uhehe nimekanyaga. Nimekaa miezi, nimeongea na wazee, nimeonyeshwa njia. Siyo kwamba nimekaa tu mjini nazua.

Mzee wa Mafaili:
Wazee gani hao, na uliwaambia unaandika nini?

KalamuButu:
Niliwaambia naandika kitabu kuhusu Mkwawa. Ambayo ni kweli.

Dada Mkavu:
Kalamu.

KalamuButu:
Sawa. Aliyenipeleka kwa wazee ni baba wa mchumba wangu. Ni Mhehe, ana miaka sabini na kitu, mtu wa heshima sana. Yeye anajua ni kitabu cha historia. Sikumdanganya, yeye alisema "kitabu cha historia" mimi sikumsahihisha. Alifurahi sana, akanisimulia aliyoyasikia kwa babu yake, nikarekodi masaa kama kumi na moja. Na akachangia laki nane ya uchapaji. Na ameshawaambia watu kanisani. Sasa mnaelewa kwa nini naulizia jina, nikilibadilisha yeye si atasema siyo kitabu chake tena? Na nikiliacha ndiyo hivyo.

Mama Tindo:
Mwanangu uwiii.

MwalimuWaFasihi:
Hilo ungelitaja tangu mwanzo tungemaliza usiku uleule. Rudisha hela au rudisha zimwi kwa Wajerumani. Na mwambie.

KalamuButu:
Kumwambia siyo rahisi hivyo, mahari bado haijaisha. Na jalada limeshachorwa, fundi anasubiri kumaliziwa hela yake tu. Mimi nilikuwa nafikiri niache kama kilivyo, mwanzoni niweke ukurasa wa kusema haya ni mambo ya kubuni, kama alivyofanya Ebrahim Hussein.

MwalimuWaFasihi:
Usimtumie Hussein kama mwavuli.

Pasua Kichwa:
Samahanini nimesoma kuanzia juu. Hii chai. Baba mkwe, laki nane, rekodi masaa kumi na moja, jalada, kila mkiuliza anatoa tone moja kama bomba bovu. Akaunti imefunguliwa juzi. Huyu jamaa anauza kitabu, wiki ijayo ataweka namba ya malipo hapa.

Mchonga Meno:
Tena chai ya tangawizi. Mimi nasema ni mwanafunzi wa chuo, sisi ndio utafiti wake.

Mngoni Mtani:
Chai au siyo chai mimi nakitaka hicho kitabu.

Dada Mkavu:
Mtu anayezua angejipamba. Huyu anajianika tu.

Pasua Kichwa:
Ndiyo wanavyofanya waandishi dada! Uzi wenyewe ndiyo riwaya. Kalamu weka aya moja hapa tuione, ukishindwa uzi ufungwe.

KalamuButu:
Sawa, hii ni sura ya tano:

"Kiwiliwili kilisimama mlangoni. Mvua ilikuwa inakipiga mabega na kuingia shingoni moja kwa moja, ikajaa mle kama maji kwenye kinu kilichosahaulika nje, kikiinama inamwagika kifuani, kikisimama inajaa tena. Bibi hakupiga kelele. Alisogeza kigoda karibu na moto akasema, Kaa. Hapa hakuna kichwa, lakini moto upo."

Mama Tindo:
Jamani huyo bibi.

Pasua Kichwa:
Ok. Anaandika. Lakini bado inaweza kuwa tangazo.

Mchinja Halali:
Mimi nipo buchani miaka kumi na mbili. Shingo haijai maji kama kinu, kuna uti, kuna koo la hewa na la chakula, maji yatashuka tumboni. Rekebisha.

Mzee wa Mafaili:
Kalamu, huyo bibi hakuogopa kwa sababu anamjua ni mtemi wake. Umeandika mwenyewe hapo, bila kupanga. Baada ya aya hiyo mwili ukikata kichwa cha mwanakijiji msomaji hatakuamini. Kuanzia sura ya tano mpaka mwisho uliharibu wewe, usimsingizie jina.

KalamuButu:
Huyo bibi amenipa mzee. Ni maneno ya bibi yake kwa wageni, "kaa, moto upo". Nilikopa tu.

MwalimuWaFasihi:
Basi unamfahamu msomaji wako wa kwanza. Mpelekee hiyo sura ya tano peke yake, mkae naye aisome ukiwepo.

KalamuButu:
Mwalimu nitafikiria. Labda Jumapili. Ila kusema ukweli naona bora kitoke kwanza, akikishika mkononi kimeshachapwa atakuwa na furaha hatasoma kwa kina, macho yenyewe hayaoni vizuri.

Dada Mkavu:
Sina la kuongeza.

KalamuButu:
Wakuu kuna mtu macho? Mzee amepiga simu sasa hivi. Fundi wa jalada kaona nachelewa kumalizia hela kamtafuta yeye, akamtumia picha. Anauliza mbona mtu kwenye jalada hana kichwa. Nimemwambia mtandao unakata nitampigia.

Mchonga Meno:
Mwambie wino uliisha.