Maka na mimea mingine ya milima ya Andes: wenyeji wenyewe huitumiaje?

Mama Mitishamba (Kariakoo)

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wa kumi na nne ninauza mitishamba Kariakoo, kwenye meza niliyoirithi kwa marehemu mama yangu, na wateja wangu wengi hufuata mwarobaini, mlonge, kivumbasi na mvuje. Juma lililopita alinijia mteja mwenye pakiti ya unga wa rangi ya chai ya maziwa, ulioandikwa kuwa ni maka kutoka Peru, akataka niwe namwagizia kwa kuwa ameambiwa unatibu presha, utasa na uchovu. Niliuonja kwa ncha ya ulimi, nikakuta una ukali wa mbali kama wa figili. Sikumpa jibu, kwa sababu mama alinilea na sharti moja: dawa ambayo hujui wenye nayo huichemshaje na humpa nani, usiiweke mezani. Naomba mwenye kujua anieleze wanavijiji wa milima ya Andes, kule Amerika Kusini, huitumiaje maka na mimea yao mingine, maana maneno ya kwenye pakiti hayanitoshi.

Bwana Shamba mstaafu (Kimara)

Dada yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuuza. Miaka mingi iliyopita nilipelekwa Peru kwa mafunzo ya kilimo cha viazi, nikapata kukaa majuma kadhaa katika vijiji vya mkoa wa Cusco, na niliona kwamba kule ni vigumu kutenganisha ghala la chakula na kapu la dawa.

Maka kwao ni chakula kwanza, ingawa wenyewe pia huisifu kwa nguvu na uzazi. Hulimwa katika nyanda za juu za Junín, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo baridi huyashinda mazao mengi. Ni mmea wa jamii moja na kabichi na figili, kwa hiyo ulimi wako haukukudanganya. Wakulima huianika mizizi yake juani mpaka ikauke na kuwa ngumu kama kokoto, nayo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kisha huichemsha hadi ilainike, wakaila au wakaifanya uji. Wao huipika. Kukoroga unga mbichi kwenye kikombe ni desturi ya wanunuzi wa mbali.

Mmea ulionivutia zaidi ni munya, kichaka chenye harufu kali inayokaribia ile ya mnanaa. Mama wa nyumba niliyofikia alitandika matawi yake ghalani, akamwaga viazi juu yake, akatandika tena matawi mengine, kwa sababu harufu hiyo hufukuza wadudu na huchelewesha viazi kuchipua. Jioni, aliponiona nimeshika tumbo, alichomoa kitawi kutoka ghala lilelile, akakitia kwenye maji ya moto na kunipa ninywe.

Kuna pia tarwi, mbegu za jamii ya kunde zenye protini nyingi kuliko maharage, lakini chungu na zenye sumu. Huzichemsha, huzitia katika magunia na kuyalaza kwenye kijito kwa siku kadhaa mpaka uchungu wote utoke, na yale maji machungu huwaogeshea mifugo ili kuua chawa. Mtu akiichukua mbegu akakiacha kijito, amejichukulia sumu.

Binti wa Kisarawe

Shikamoo, Bwana Shamba. Habari ya tarwi imenikumbusha ndiga, vile viazi vya porini ambavyo bibi yangu alivichimba mwaka mvua zilipokatika. Alivikata vipande vyembamba, akavijaza kwenye kapu na kulifunga kwa kamba ya mnazi kwenye mzizi uliokuwa kando ya mto, maji yapite humo mchana na usiku. Kila asubuhi alichukua kipande, akakigusisha ulimini na kutema. Kikiwasha, kapu lilirudi majini. Watoto tulikatazwa hata kulisogelea. Nilidhani ni maarifa ya dhiki za kwetu peke yetu, na nimeguswa sana kusikia kuna bibi wa upande wa pili wa dunia anayesubiri mto umalize kazi kama alivyosubiri bibi yangu.

Mfamasia (Upanga)

Naomba kuongeza upande wa dawa, kwa kuwa Andes imetupatia mojawapo ya dawa tulizozitegemea sana hapa Dar es Salaam, nayo ni kwinini. Magome ya mkwinini, mti ambao picha yake imo katika nembo ya taifa la Peru, yalisifika kwa kutuliza homa, hasa yale ya eneo la Loja, ambalo sasa liko Ekuado. Mwaka 1820 wakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe kutoka katika magome hayo. Wajerumani nao waliupanda mti huo Amani, Usambara Mashariki, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitengeneza kwinini huko kwa ajili ya majeshi yao. Kilichobadilika baada ya 1820 ni kipimo, kwa maana magome ya mti mmoja huweza kuwa na kwinini nyingi na ya mwingine kidogo sana, na kila aliyewahi kumeza vidonge hivyo akasikia masikio yanavuma anajua kwa nini kipimo ni muhimu.

Kwa hiyo, Mama, huyo mteja mwambie kwa upole asiache vidonge vyake vya presha kwa sababu ya maka. Na akija mwingine kuulizia majani ya koka, yale yanayotolewa kokeini, usithubutu kuyaagiza, kwani sheria zetu zinayahesabu kuwa dawa za kulevya.

Bwana Shamba mstaafu (Kimara)

Marahaba, binti. Mfamasia amesema kweli kuhusu sheria yetu, ila nisingependa koka ieleweke kuwa ni kokeini tu. Wanakijiji huitafuna pamoja na majivu ya mabua ya kinoa, nafaka ya huko, nayo huwapunguzia njaa, uchovu na maumivu ya kichwa yaletwayo na mwinuko. Kabla ya kupanda, mzee wa nyumba ile alichagua majani matatu mazima, akayapanga kama kipepeo, akayapulizia taratibu na kuyafukia shambani kwa ajili ya Pachamama, yaani Mama Ardhi. Bolivia ilijitoa katika mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, ikarejea mwaka 2013 kwa sharti la kuwaachia raia wake haki ya kulitafuna jani hilo nchini mwao.

Mama Mitishamba (Kariakoo)

Nawashukuruni nyote. Mteja alirudi leo asubuhi, nikamweleza kwamba unga wake ni chakula, aupike uji, na habari ya presha aipeleke kwa daktari wake. Hakufurahi, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Binti wa Kisarawe, kama bibi yako bado yu hai, naomba umuulize ndiga zake zilikaa mtoni siku ngapi, kwa kuwa mama aliwahi kunitajia na sikuandika.