Tupeane uzoefu: ulithibitishaje kwamba maradhi yako yalitokana na utumishi jeshini?

Ndugu zangu mliotumikia jeshi la Marekani, naomba kila mmoja aeleze kilichoyafanya madai yake yakubaliwe au yakataliwe. Naanza mimi. Nilikuwa fundi wa malori, na goti langu la kulia liliumia nikiwa kazini. Nilipoomba fidia niliambatanisha picha za eksirei na rekodi ya jeraha, nikidhani nimemaliza, kumbe vilikuwa vithibitisho viwili kati ya vitatu. Cha tatu ni maoni ya daktari yanayounganisha ugonjwa wa leo na tukio la wakati ule. Daktari wangu alikuwa ameandika kwamba jeraha la zamani "huenda limechangia", na neno hilo moja ndilo lililoniponza, kwa sababu kipimo kinachotumika ni kwamba uwezekano uwe angalau nusu kwa nusu. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka humnufaisha askari. Nilirudi kwake na ukurasa wa zahanati ya kambini, wenye mwandiko wa haraka usemao "goti limevimba, ameruka kutoka kwenye lori". Alikiri kwamba hakuwa ameuona. Barua ya pili ilitaja tarehe ya ukurasa huo na kueleza jinsi gegedu lililochanika linavyolika mwaka hadi mwaka. Madai yakapita.

Jibu la kwanza
Mimi nilikuwa kwenye mizinga, na masikio yanavuma hadi leo. Rekodi sikuwa nayo, maana nani huenda zahanati kulalamikia masikio katikati ya mazoezi? Mwenzangu wa mzinga uleule aliandika taarifa ya ushahidi kuhusu mahali tuliposimama na vizibo vya masikio tulivyokosa. Mvumo wa masikio ni jambo ambalo mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kulishuhudia, kwa hiyo msidharau maelezo yenu wenyewe.

Jibu la pili
Baba mkwe alirudi kutoka Korea mwaka 1953 na vidole vya miguu vilivyoharibiwa na baridi kali. Tulipoomba faili lake tuliambiwa limeungua katika moto wa ghala la kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis, Marekani, wa tarehe 12 Julai 1973, ulioteketeza mafaili yapatayo milioni 16 hadi 18. Mzee alitaka kuachana na jambo hilo. Tuliomba taarifa za kila asubuhi za kikosi chake, ambazo huorodhesha waliopelekwa hospitali, tukalikuta jina lake, herufi moja ikiwa imekosewa. Barua alizomwandikia mama yake majira hayo zilikamilisha yaliyobaki.

Jibu la tatu
Nilikuwa Iraki, karibu na shimo la kuchomea taka, na pumu iligunduliwa baada ya kuacha jeshi. Tangu sheria ya PACT, inayowahusu askari waliokumbana na moshi na sumu kazini, iliposainiwa tarehe 10 Agosti 2022, pumu ya namna hiyo huchukuliwa kuwa imetokana na utumishi. Nilihitaji kuthibitisha nilikokuwa na ugonjwa nilio nao tu, bila barua ya kuunganisha. Angalieni orodha ya magonjwa yanayotajwa na sheria hiyo kabla ya kumlipa daktari yeyote.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Sasa goti la kushoto nalo limeanza, kwa kuwa nimelielemea miaka yote hii. Nafahamu kwamba linaweza kudaiwa kama tatizo lililozaliwa na lile la kwanza. Aliyewahi kufanya hivyo anieleze daktari wake aliandika nini.