Kusamehe kunasaidia afya kweli au wananituliza tu?

mtu_wa_pwani: Wakuu habari, kaka yangu kauza kiwanja cha marehemu mzee kimyakimya hela kala peke yake, sasa ukoo mzima wananiambia samehe upate amani. Mi usiku nikilala naanza kugombana naye kichwani mpaka moyo unadunda. Hivi kusamehe kunasaidia mwili kweli?

Dada K: Kunasaidia. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Charlotte Witvliet na wenzake kule Marekani waliwapima wanafunzi 71, wakiwaza kinyongo kwa mtu aliyewakosea mapigo ya moyo na presha vinapanda, jasho linaongezeka, hata misuli ya uso inakaza, wakiwaza kumsamehe huyohuyo vinakuwa chini. Hiyo ya usiku ndo yenyewe. Ila walipima muda mfupi tu, kwahiyo mwenye dawa za presha aendelee kumeza.

Babu Juma: Samehe ila hati asishike tena 😂

neema_bk: Babu anatania ila ndo ukweli. Robert Enright, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyesomea haya mambo miaka mingi, anasema kusamehe sio kupatana wala kusahau, na haki yako unaidai vilevile. Na usikubali kusukumwa na kikao cha ukoo, unatamka "nimesamehe" mbele ya wazee halafu moyoni moto uleule.

mtu_wa_pwani: Asanteni, basi baraza la ardhi naenda. Simu zake kwa sasa sipokei.